Si Kosa la Kidole Chake

Hasira hasara, watu husema. Wanaosema hivyo hawakufundishwa na Mwalimu. Mimi alinifundisha kutengeneza tovuti, na hasira aliyonitia siku ya wafuga nyuki nimeibeba miaka yote hii bila kuitua. Nimekula nayo, nimelala nayo, nimefanya nayo kazi. Nilichotaka kutoka kwake kilikuwa kimoja tu: aniombe radhi. Sikutaka cheti wala zawadi. Nilitaka mtu yule, aliyewaomba radhi watu wote wa Tabora kwa midomo ya wanafunzi wake, aufungue mdomo wake mwenyewe.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari yupo mtaa wa Kanyenye, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, kompyuta kuukuu zimepangwa ukutani na feni ya dari inazunguka kwa kusitasita. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyempangisha chumba kile, alimzidi umri, lakini naye alimwita Mwalimu, tena akipita mlangoni wakati wa somo alishusha sauti na kukanyaga kwa vidole kwenye duka lake mwenyewe. Sisi wanafunzi ndiyo kabisa, hatukuwa na jina jingine la kumwita.

Nje ya duka kulikuwa na ubao wake. Ulisomeka MAFUNZO YA KOMPYUTA NA TOVU, halafu herufi mbili za mwisho zimebanwa chini kwenye kona kama watoto walioadhibiwa, kwa sababu mchoraji aliishiwa nafasi. Mchoraji alikuwa yeye mwenyewe. Mtu huyu aliweza kukufokea asubuhi nzima kwa sababu ya nafasi ya unene wa ukucha kati ya mstari na mstari, kisha jioni akafunga mlango na kupita chini ya ubao ule bila aibu yoyote. Kinyozi hajinyoi. Siku moja nilijitia ujasiri nikamtajia.

"Ubao ule unasomwa na wapita njia," akanijibu. "Menyu inaguswa. Kaa chini."

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na tai, na chini akavaa katambuga za tairi. Alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, na katika mji huu ambao hata adui yako akikukuta unakula unamwambia karibu, yeye alikunywa chai yake peke yake mbele yetu, kikombe baada ya kikombe, akitutazama. Hilo nalo lilinichoma. Kisha unatoka, unamwona barazani anammiminia kikombe mama muuza mchicha, kimya kimya, bila hata salamu, na mama yule anapokea kama mtu aliyezoea. Kwa hiyo ukarimu alikuwa nao. Hakutaka tu kuutumia kwetu.

Somo lake kubwa lilikuwa menyu ya wima, ile safu ya maneno inayoshuka upande wa kushoto wa ukurasa: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Bidhaa, Bei, Mawasiliano. Wenzetu kwenye vyuo vingine walikuwa wanachezea picha zinazoruka na kumetameta. Sisi tulikaa juu ya safu ile mpaka tukaiota. Na Mwalimu hakukosa mfano wa kuishikiza. Mji wenyewe huu umejengwa na njia ya misafara, akasema, na wapagazi hawakwenda bega kwa bega kama wanaharusi. Walifuatana, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na mzigo wake, na aliyesimama pembeni akiwatazama aliweza kumjua kila mmoja. Ndivyo menyu inavyotakiwa kushuka.

"Na katika msafara wa mamba, kenge wamo," alimalizia, akisogeza kiti karibu na skrini yako. "Haya, nionyeshe kenge wako."

Kenge ni neno lililokaa kwenye safu bila mzigo, yaani unaligusa na halikupeleki popote. Alimpata kila siku. Mimi naamini siku nyingine alimtia yeye mwenyewe tulipokwenda kunywa maji, ingawa sina ushahidi.

Niseme kidogo jinsi kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu bila hilo hutaelewa alinitenda nini. Ukiandika orodha ya maneno ya menyu bila kuipamba, kompyuta inakutolea mistari ya buluu iliyopigiwa mstari chini, kila mmoja na kidoti cheusi mbele yake. Hiyo aliiita mifupa. Halafu inakuja CSS, lugha ya kupambia kurasa, nayo aliiita nguo. Unaondoa vidoti. Unaondoa ile mistari ya chini. Unaipa safu upana, rangi na nafasi ya kupumua. Unaamuru kila neno libadilike rangi likiguswa, na neno la ukurasa uliomo lionekane tofauti, ili mgeni ajue amesimama wapi. Utadhani ni kazi ya asubuhi moja. Kwake ilikuwa kazi ya masika nzima.

Lililomkera kuliko yote lilikuwa hili. Usipoiambia kompyuta vinginevyo, panapoguswika ni kwenye herufi tu. Mtu akiweka kidole pembeni ya neno, kwenye ile rangi nzuri uliyoipaka, hakifunguki kitu. Inabidi uamuru neno lishike upana wote wa safu, kutoka ukingo hadi ukingo. Ni mstari mmoja wa kuandika. Ukiusahau, Mwalimu alisimama katikati ya chumba na kupaza sauti mpaka wateja wa vitambaa wakageuka.

"Mlango wa nyumba yenu una maandishi?"

"Hauna, Mwalimu."

"Ungekuwa nayo, mgeni angesukuma maandishi au angesukuma mlango?"

"Mlango, Mwalimu."

"Sasa mbona kwako anasukuma mlango, haufunguki?"

Wala hakuridhika na kutufokea. Alikutuma nje ukamlete mtu, yeyote anayepita, aje aguse menyu yako kwenye simu ya Mwalimu yenye kioo kilichopasuka. Wewe unakaa pembeni, mdomo umefungwa, huruhusiwi kuelekeza hata kwa jicho. Mara ya kwanza mimi nilimleta mkulima mmoja wa tumbaku aliyekuwa ameshuka na basi la Nzega, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Akatazama safu yangu kwa heshima, akagusa pembeni ya neno Bei. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

"Unisamehe, binti yangu," akaniambia. "Simu hizi mie sizijui."

Mwalimu alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka. "Mzee, usiombe msamaha hapa ndani! Wewe binti, simama. Mwombe radhi. Si kosa la kidole chake."

Nikasimama nikamwomba radhi. Darasa zima linatazama, mzee wa watu anaona haya kuliko mimi, anasema yameisha, yameisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile. Mtu akigusa na pasifunguke, aliyetengeneza anasimama na kuomba radhi. Tuliwaomba radhi wauza karanga, wanawake waliokuja kununua khanga, shemasi mmoja wa Kimoravian aliyeingia kuuliza njia tu. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: ni somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundishwa. Ndiyo maana lilinitia hasira mara mbili, maana aliyenifundisha hakulifuata.

Desturi yake nyingine ilikuwa kuvua. Umemaliza menyu yako, imependeza, unaitazama unajisikia mtu. Anakuja nyuma yako.

"Pisha. Vua tuone."

Anakaa kwenye kiti chako, anaichagua mistari yote ya CSS, anaifuta. Haifichi, anaifuta, halafu anahifadhi ili isirudi. Skrini inabaki mifupa mitupu, buluu na vidoti. Kama mifupa imepangwa kwa akili, neno la kwanza liko mwanzo kwa sababu na la mwisho liko mwisho kwa sababu, anaguna. Kuguna kule ndiko kulikuwa sifa yake, hakuwa na nyingine. Kisha anainuka.

"Ivishe tena. Kama ni yako utaandika. Kama umeiba kwa watu, utalia."

Mimi mara ya kwanza nililia, na haikuwa kwa sababu ya wizi. Baadaye nilizoea, vidole vikajua njia vyenyewe. Kuweka nakala pembeni alikataza. Alisema nakala ni ya mtu asiyejiamini, na sisi wajinga tulimtii.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Baba yangu mdogo ni mfuga nyuki, na ndiye aliyekuwa ananisomesha. Alikuwa amewashawishi wenzake wa kikundi kwamba asali yao inahitaji tovuti, wanunuzi wa mbali waione, na kwamba hakuna haja ya kumtafuta mgeni wakati binti yao anajua. Alinisemea kwenye vikao vyao mpaka wakakubali kuja kuona. Kwangu ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza, na kwake ilikuwa heshima yake. Niliitengeneza tovuti ile kwa moyo wangu wote. Menyu niliipa rangi ya asali mbichi, ukigusa neno linakoza kuelekea hudhurungi, na lile la ukurasa uliomo lina mstari mnene pembeni. Upana wote unaguswika, ukingo hadi ukingo. Niliwaleta watu wa barabarani mpaka wakanikimbia, na hakuna niliyemwomba radhi.

Wazee walifika Ijumaa, kofia safi, wakajipanga kwenye mabenchi yetu. "Mwangaluka," wakasalimia, wakaitikiwa. Baba mdogo alikaa mbele kabisa. Niliwaonyesha ukurasa wa kwanza, nikashuka na menyu neno moja moja, na niliona nyuso zao zikifunguka. Mmoja akasema kwa sauti, "Hii ni asali yetu hii hii?" Baba mdogo akageuka nyuma kuwatazama wenzake, na sijawahi kumwona amekaa wima vile.

Mwalimu akaja nyuma yangu.

"Pisha," akasema. "Vua tuone."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo hapana." Akanisogeza kwa kiganja begani, taratibu, akakaa, akachagua mistari yote, akafuta, akahifadhi. Kisha akawageukia wazee, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: furaha. Alikuwa anajivunia mimi.

"Tazameni mifupa hii, wazee wangu," akasema. "Tazameni ilivyopangwa."

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa lile. Mtu mwenye husuda angeniharibia kwa makusudi, na ningejua pa kumweka. Yeye aliniharibia kwa kunipa heshima kubwa kuliko zote alizonazo. Aliamini, kwa dhati kabisa, kwamba wafuga nyuki wataitazama mistari ya buluu na vidoti vyeusi na kuona alichokiona yeye. Wao waliona kitu kimeharibika.

"Sasa ile nzuri imekwenda wapi?" akauliza mzee mmoja.

"Anaiandika tena," akasema Mwalimu. "Hapa hapa, mbele yenu."

Nikakaa. Vidole vyangu, vilivyojua njia, siku ile vilisahau. Nilikosea mabano, nikakosea nukta, safu ikatoka imepinda, rangi ya asali ikatoka ya matope. Nyuma yangu nilisikia mabenchi yakilia, watu wanakohoa kwa adabu. Kisha ikasikika adhana ya Ijumaa na wazee wakainuka, na nadhani walishukuru kuisikia.

"Wabeja, mwanangu," wakaniambia mmoja mmoja, na shukrani ile ilikuwa ya kwaheri. Baba mdogo alipita bila kunitazama.

Walipokwisha kutoka nilimgeukia Mwalimu. "Mwalimu, umeniharibia."

"Mikono yako ina haraka," akasema, anafunga chupa yake ya chai. "Nimewaonyesha mifupa. Asiyeona mifupa utamfanyia nini?"

Ndiyo hayo tu. Mtu aliyeangusha kiti ili mkulima asiombe msamaha, mimi alinitazama nimesimama pale na machozi, na hakuona kwamba kuna mtu wa kuombwa radhi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Nilichukua mkoba wangu na sikurudi tena chumba kile.

Kazi ya asali alipewa kijana wa Dar aliyepita mjini na kompyuta mpakato. "Hii ni kali, wazee wangu, ya kisasa," aliwaambia. Menyu yake ilikuwa imefichwa nyuma ya vijistari vitatu vidogo kwenye kona, na hakuna mzee aliyejua kwamba vijistari vile ni mlango. Baba mdogo alikuwa ananipigia simu mimi, mimi, kuniuliza, "Binti yangu, ile orodha imejificha wapi?" Nilimwelekeza. Kunisomesha alikuwa ameacha. Hakunigombeza, alisema tu kwamba nitafute kazi ya kuuza duka. Nikaenda mtaa wa Mtendeni kwenye duka la kutoa fotokopi, na kwenye kompyuta ya duka lile nikajifunza yaliyobaki peke yangu. Ilinila miaka ambayo ningekuwa tayari nafanya kazi.

Nimeshatengeneza tovuti nyingi tangu hapo. Kila menyu niliyoivisha, Mwalimu alisimama nyuma ya bega langu akisema pisha, vua tuone. Nilimfukuza, hakutoka. Nilikuwa namjibu kwa sauti nikiwa peke yangu, nikampangia maneno yote nitakayomwambia siku tukikutana, na majibu ya kila kisingizio atakachotoa. Hotuba ile niliijua kwa moyo.

Mwaka huu nilimpeleka mama kliniki kutazamwa macho. Kwenye benchi la kusubiri nikaona shati jeupe, limekunjamana. Lilikuwa limekunjamana kweli, na tai haikuwepo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Kiharusi. Nikasimama pale, na nitasema kilichonijia kwanza, hata kama si kizuri: nilikasirika kwamba ugonjwa umemfikia kabla yangu. Utamfokeaje mtu aliyekwisha kupigwa?

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aliinua macho kidogo, akayarudisha kwenye simu. Hakunitambua. Nikamketisha mama, nami nikakaa katikati yake na Mwalimu.

Alikuwa anatafuta siku anazokuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwenye tovuti ya kliniki ile ile tuliyokaa. Menyu ilikuwa ya wima, safu ya kijani upande wa kushoto. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilishuka juu ya kioo kikitetemeka, kikaelea, kikaangukia pembeni kabisa mwa neno, mbali na herufi. Pakafunguka.

"Ona hii," akaniambia, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote. "Nimegusa huku, pembeni, na imefunguka. Na hapa inanionyesha niko wapi." Alirudi mwanzo, akagusa tena kwingine, ikafunguka. Midomo yake ilikuwa imepinda kidogo lakini niliona anatabasamu. "Huyu aliyetengeneza hii ana akili. Huyu alimfikiria mtu."

Siku zote nilizokaa mbele yake sifa niliyoambulia ni kuguna tu. Na sasa anammiminia sifa mtu asiyemjua, kama chai ya yule mama wa mchicha.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Aligeuka akanitazama sana. Nikaona amenijua. Akairudia menyu, akashuka nayo, neno moja baada ya jingine, kila moja akiligusa na kusubiri lifunguke, mpaka la mwisho. Alikuwa anatafuta kenge. Hakumpata.

Hotuba yangu yote ilikuwa tayari mdomoni. Kilichotoka ni kifupi.

"Darasani kwako mtu akikosewa alikuwa anaombwa radhi," nikamwambia. "Siku ya wafuga nyuki ulinikosea mimi. Hujaniomba."

Mama alinishika goti ninyamaze. Sikunyamaza, nilimtazama usoni nikasubiri. Mwalimu alijaribu kuinuka. Alishika ukingo wa benchi kwa mkono ule mzima, akajivuta, miguu ikakataa, akajivuta tena, na nikaelewa anafanya nini: kwenye chumba kile mtu alikuwa anasimama. Sikumsaidia. Alisimama, amepinda, anahema, watu wote wa kwenye foleni wanatazama.

"Nilikukosea, binti," akasema. "Nakuomba radhi." Kisha, kwa pumzi ile ile, akanionyesha simu. "Na hapa chini, neno la mwisho, umeacha nafasi kubwa mno."

Nilikuwa na jibu la kila kisingizio, na hakutoa hata kimoja. Mama akaitwa ndani, nikamshika mkono tukaingia. Tulipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Jioni nilifungua faili la kliniki nikaitazama nafasi ile. Ni kubwa, hilo ni kweli, kwa mtu mwenye mkono mzima. Neno la mwisho kwenye safu ni Mazoezi ya Viungo, na niliona mwenyewe jinsi kidole chake kilivyokuwa kinaanguka. Hasira bado ninayo. Nafasi nimeiacha vilevile.